Aproni Kumi na Nane

Pasi ya mkaa ilikuwa sakafuni, karibu kabisa na mlango, ikitoa moshi mwembamba. Hicho ndicho kitu cha kwanza Bi Taratibu alichokiandika kwenye daftari lake, hata kabla ya kusalimia.

Jina hilo alipewa na wenzake wa kitengo cha uchunguzi katika Ofisi ya Ruzuku, nusu kwa utani na nusu kwa kuchoka kumsubiri. Faili ambalo mwingine angelimaliza asubuhi moja, yeye alikaa nalo wiki. Kwa miaka kumi na minne alikuwa akiwachunguza watu waliosemekana kula fedha za serikali wasizostahili, na katika miaka hiyo yote mahakama haikumrudishia faili hata moja. Ndiyo maana walimvumilia.

Faili la leo lilikuwa jembamba. Mshukiwa alikuwa fundi cherehani, mwanamke wa miaka thelathini na mmoja aliyejiajiri, mama wa binti wa miaka mitatu. Kwa miezi minane alikuwa akipokea ruzuku ya malezi, ambayo kwayo serikali humlipia mzazi anayefanya kazi nusu ya ada ya mlezi. Masharti ni mawili tu: mzazi awe kazini kweli, na mtoto awe kweli kwa mlezi aliyesajiliwa. Fundi aliandika kwamba mwanawe analelewa katika kituo kimoja mtaa wa pili. Orodha ya kituo hicho, yenye sahihi ya mwenye kituo, haikuwa na mtoto huyo.

"Hili hata wewe utalimaliza leo," mkuu wa kitengo alimwambia asubuhi ile, akimsukumia faili. "Mtoto hayupo, hela inaliwa. Mwandikie arudishe yote, mfungie miaka mitano."

Kufungiwa maana yake ni kukosa kila kitu, hata ule msaada mdogo wa waliojiajiri unaowasaidia kulipia pango pale wateja wanapoadimika. Duka la fundi lilikuwa na upana wa mikono miwili iliyonyooshwa. Bi Taratibu alilitazama akaona wazi kwamba miaka mitano lisingeimaliza.

"Karibu, mama," fundi alisema bila kuinuka, mguu ukiendelea na kanyagio. "Ila kama ni gauni la sherehe, nimejaa mpaka mwisho wa mwezi."

"Si gauni." Bi Taratibu alimwonyesha kitambulisho. Mguu ukasimama.

Alipewa kigoda cha wateja, akakaa. Alizungusha macho polepole. Pini zilikuwa kwenye kisosi, juu ya meza inayofika gotini. Wembe wa kufumulia ulikuwa juu ya kiti cha pili. Mkasi mkubwa ulining'inia chini ya meza kwa kamba, ukiwa wazi.

"Mtoto yuko wapi saa hizi?"

"Leo yuko kwa wifi yangu. Siku nyingine zote yuko kituoni, kwa Bibi. Nampeleka saa moja na robo, namchukua saa tisa na nusu."

"Kwa nini leo hukumpeleka?"

"Bibi aliniomba jana nisimlete. Alisema ana wageni."

Bi Taratibu aliandika hilo neno kwa neno. Sheria iliitaka ofisi impe mwenye kituo taarifa siku moja kabla ya ukaguzi, na barua ilikuwa imefika jana saa nne. Mgeni huyo alikuwa yeye mwenyewe.

"Na baba wa mtoto?"

"Yupo." Fundi alikata uzi kwa meno. "Wapi, hilo sasa ndilo silijui."

"Una kitu cha kunionyesha kwamba unafanya kazi?"

Fundi alicheka, akapiga kofi cherehani kama mtu anayemtambulisha ndugu yake. Kisha akatoa daftari nene la vipimo, lenye jalada lililofungwa kwa gundi ya karatasi, akampa kwa moyo mweupe. Risiti hakuwa nazo, alisema, lakini kila nguo aliyoshona tangu afungue duka imo humo, na mwenyewe, na tarehe. Ni kazi ya mkono wake, alisema, na alionekana kujivunia.

Bi Taratibu alifunua kurasa tatu za mwanzo. Mabega, kifua, kiuno, urefu. Halafu akaiweka orodha ya kituo juu ya meza. "Hii imeletwa na Bibi. Mtafute mwanao."

Fundi alishuka na kidole jina kwa jina. Alipofika mwisho alirudi mwanzo, akahesabu. Uso wake ulibadilika, lakini si kwa hasira, na hilo Bi Taratibu hakulitarajia. Ulikuwa uso wa mtu aliyeelewa jambo na kutamani asingelielewa. Alinyoosha mkono, akalichukua daftari lake taratibu kutoka mapajani mwa mgeni.

"Vipimo vya watu ni siri, mama. Kuna wateja humu wangenikata kichwa mtu mwingine akijua viuno vyao."

"Dakika mbili zilizopita havikuwa siri."

"Nilikuwa sijafikiri vizuri." Fundi akalikalia daftari. "Andika unachoandika. Mimi sina la kusema."

Katika kazi hii Bi Taratibu alikuwa amejifunza kwamba mwongo akibanwa huongeza maneno. Huyu aliyapunguza. Akamwomba aje kituoni saa tisa na nusu, akaaga.

Upande wa pili wa njia kulikuwa na kibanda cha fundi viatu ambaye mtaa mzima ulimwita Soli. Ndiyo kwanza alikuwa anapita, amevaa sare ya ulinzi, anaelekea kazini amechelewa.

"Yule mtoto wa fundi?" alisema. "Namwona dukani kila siku, dada. Kila siku ya kazi. Yuko pale pale mlangoni na vitambaa vyake. Mimi sitii chumvi."

"Unaweza kuweka sahihi kwamba umemwona kila siku?"

"Hata kidole gumba."

Mkuu wa kitengo angeishia hapo. Bi Taratibu aliitazama ile sare. "Sare hiyo ya wapi?"

"Nalinda ghala. Kuanzia asubuhi mpaka saa nane. Viatu ni biashara yangu ya jioni."

"Kibanda unafungua saa ngapi?"

"Saa tisa, saa kumi kasoro. Inategemea usafiri."

"Na mtoto unamwona kabla hujafungua?"

Soli alikuna kidevu. "Dada, kabla sijafungua sipo. Nitamwonaje?"

Basi alichokiona Soli ni mtoto aliyekwisha kuchukuliwa kituoni. Bi Taratibu alilifuta jina lake kwenye mashahidi wa upande mmoja, akaliandika upande wa pili. Na ile pasi sakafuni ilisema vilevile. Mama anayeshinda na mtoto wa miaka mitatu haachi pasi ya moto mlangoni na wembe kitini. Angekuwa ameshajifunza kutundika vitu juu, kwa hiari au kwa kilio.

Kituo kilikuwa nyumba ya kawaida yenye ua wa saruji na geti lililopakwa bluu hadi pale kopo la rangi lilipoishia. Mwenye kituo, mama wa miaka sitini na kitu mwenye magoti yanayomsumbua, alimpokea kwa unyenyekevu uliozidi kipimo. Kila mtu alimwita Bibi, wazazi na watoto sawasawa. Alimpa mgeni kiti cha pekee chenye mgongo.

"Hesabu tu, mwanangu," alisema. "Kumi na watano. Leseni yangu ni ya kumi na watano, na mimi ni mtu wa sheria."

Bi Taratibu alihesabu. Walikuwa kumi na watano, wameketi kwenye mkeka, wanamtazama kwa adabu ya watoto walioahidiwa biskuti.

Akaomba daftari la mahudhurio. Miezi mitatu ilikuwa imeandikwa kwa kalamu moja, kwa mwandiko mmoja usiochoka. Kila mtoto, kila siku, alama ya kufika.

"Bibi, hongera. Watoto kumi na watano kwa miezi mitatu, na hakuna hata mmoja aliyeumwa tumbo."

"Nawatunza vizuri," Bibi alisema.

Uani, kwenye kamba, aproni ndogo zilikuwa zinakauka. Zilikuwa za kijivu zote, lakini kila moja ilikuwa na mfuko wa rangi na umbo lake: samaki, jani, mwezi, kikombe. Watoto hawajui kusoma, Bibi alieleza, kwa hiyo kila mmoja anaijua aproni yake kwa mfuko. Fundi mmoja wa mtaani ndiye aliyebuni. Alipomtaja fundi, sauti yake ilipungua kidogo.

Bi Taratibu alihesabu aproni mara mbili. Zilikuwa kumi na nane.

"Tatu ni za akiba," Bibi alisema kabla hajaulizwa.

"Watoto hupaka rangi saa ngapi?"

"Saa hizi hizi, kwa kawaida."

"Basi wasikose kwa ajili yangu."

Watoto walikwenda kwenye kamba mbio, wakavutana, wakacheka, wakavaa. Kamba ilibaki na tatu. Mfuko wa jua, mfuko wa ufunguo, mfuko wa ua la njano. Bi Taratibu alisogea akazishika. Ile ya ua la njano ilikuwa na madoa ya rangi yasiyotoka kwa sabuni yoyote, na pindo lake lilikuwa limeshonwa upya mara mbili.

"Akiba zako zinafanya kazi sana, Bibi."

Bibi alikaa juu ya ndoo iliyofunikwa, akatazama miguu yake. Bi Taratibu naye hakusukuma. Alisema atarudi saa tisa na nusu, watoto wakishachukuliwa, ili wasiyasikie mazungumzo ya watu wazima. Alikuwa ameshaona kosa liko wapi. Alichokuwa hajaona ni sababu yake, na faili lisilo na sababu alilihesabu kuwa nusu faili.

Saa tisa na nusu ilipofika, jikoni kwa Bibi kulikuwa na watu watatu wazima na mtoto mmoja. Wifi alikuwa ameondoka kwenda kwenye zamu yake, kwa hiyo fundi alikuja na binti yake. Mtoto aliingia kama mwenye nyumba. Alipita chini ya meza, akafungua kabati la chini, akatoa kikombe kimoja kati ya vingi bila kusita, akaenda uani kujimiminia maji kwenye mtungi wa plastiki. Hakuuliza chochote kiko wapi. Bi Taratibu aliandika na hilo.

Fundi hakusubiri maswali. "Mama, nimekuja kusema ukweli. Mtoto sikumleta hapa. Hela nilikuwa nakula. Nitarudisha kidogo kidogo, nikipewa muda."

"Nyamaza wewe," Bibi alisema.

"Bibi, niachie."

"Nimesema nyamaza. Mwanangu, huyu anadanganya. Mtoto anashinda hapa miezi minane, nami ndiye niliyemtoa kwenye orodha."

Bi Taratibu aliiweka kalamu chini. Watu wanaokana kosa alikuwa amewazoea, hata wanaozimia kwa makusudi. Wawili wanaogombania kosa moja hakuwahi kuwaona, na roho ilimwuma kuwatazama, kwa sababu alijua lazima mmoja ashinde.

"Nianze na wewe," alimwambia fundi. "Unajua kufungiwa miaka mitano ni nini?"

"Najua. Nimepiga hesabu nikiwa njiani." Fundi alizungumza kwa utulivu, mikono juu ya meza. "Nikifungiwa, nitashona usiku na mchana, nitaishi. Lakini kituo kikifungwa, nitashona saa ngapi, na mtoto anacheza kwenye pini? Ruzuku bila Bibi haina kazi kwangu. Bibi bila ruzuku, nitajikaza."

"Ndiyo maana ulilikalia daftari."

Fundi aliinamisha kichwa. Akalitoa mkobani, akalifungua katikati, akalisukuma. Ukurasa mzima ulikuwa na mwandiko wake: aproni za kituo, kumi na nane, kila moja na urefu wake na mfuko wake. Wa mwisho kwenye orodha alikuwa mwanawe, ua la njano.

"Tulikuwa tumejaa," Bibi alisema. "Huyu alikuja akasimama getini na mtoto mgongoni na kitambaa cha mteja mkononi. Kabla yake alikuja msusi, na kabla ya msusi kinyozi aliyefiwa na mkewe. Ningewaambia nini? Niliwaingiza."

"Na kwenye orodha ukawaacha nje wao watatu. Kwa nini wao?"

Bibi alijipangusa uso kwa ncha ya kanga. "Wazazi wa maofisini, waajiri wao huniletea fomu nijaze kila mwezi. Hao wana macho yanayowatazama. Lakini hawa wanaojiajiri hawajaniletea karatasi hata siku moja. Nikasema hakuna anayewauliza. Nikiwaacha wao, hakuna atakayeumia."

"Wanaojiajiri wanaomba kwa simu, Bibi. Fomu hawana. Kila robo mwaka mashine ya ofisi inalinganisha majina yao na orodha yako."

"Sikujua." Bibi alilirudia neno hilo mara mbili, kisha akamgeukia fundi. "Mwanangu, wallahi sikujua. Nilidhani orodha ni karatasi tu."

"Najua, Bibi. Nilijua pale pale nilipoiona."

Bi Taratibu alimwambia fundi jambo ambalo lilikuwa kwenye faili tangu asubuhi: barua za msusi na kinyozi zinatoka wiki ijayo. Akiandika kwamba fundi alikula hela, ataandika hivyo hivyo kwa wale wawili, kwa sababu orodha ni ile ile.

Fundi alifumba macho. "Kinyozi hana hata wifi," alisema. Baada ya muda akaongeza, "Basi andika ilivyo."

Aliandika. Kwa fundi, tuhuma zimefutwa, ruzuku inaendelea, bila deni. Kwa msusi na kinyozi, barua zizuiwe. Kwa mwenye kituo, onyo la maandishi na amri: watoto wasizidi kumi na watano. Hilo ndilo lililokuwa kubwa, na wote watatu walilijua. Fundi alipewa nakala yake, akaisoma mpaka chini.

"Kwa hiyo serikali itanilipia nusu ya mlezi."

"Ndiyo."

"Na watatu wanatoka."

"Ndiyo."

"Wangu aliingia wa mwisho," fundi alisema, kama anayesoma kipimo.

Bibi aliuliza kama kuna njia nyingine. Bi Taratibu alimwambia ipo moja. Mlezi wa pili mwenye cheti akisajiliwa hapa, nafasi zinafika ishirini na tano. Bibi alisema ana mpwa mwenye cheti, amekaa nyumbani tangu ajifungue, lakini usajili wenyewe, alisikia, unachukua wiki tatu ukiwa na bahati. Bi Taratibu alisema alivyosikia ni sahihi.

Simu yake iliita. Alitoka hadi mlangoni kupokea, lakini nyumba ilikuwa ndogo na mkuu wa kitengo alikuwa na sauti ya mkutano wa hadhara.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza. Si mama, ni orodha. Kituo kilizidisha watoto."

"Safi. Amri ianze kesho asubuhi. Usiniletee mambo yako ya taratibu."

"Sheria inasema ndani ya siku thelathini."

"Inasema ndani ya. Kesho ni ndani ya."

Alirudi akakaa. Karatasi ya amri ilikuwa imejazwa yote isipokuwa mstari mmoja karibu na mwisho, ule wa tarehe ya kuanza, ambao mchunguzi hujaza kwa mkono wake na kuwajibika nao. Alishika kalamu. Bibi na fundi walikuwa wameisikia simu yote, wala hawakujifanya hawakuisikia. Fundi alisimama, akamwita binti yake waende.

Mtoto alitoka uani, akarudisha kikombe kabatini, akaufunga mlango wa kabati kwa kiuno. Akamshika mama yake mkono. Pale kizingitini aligeuka, akapunga kama anavyopunga kila siku.

"Kesho, Bibi."

Bibi alifungua mdomo, akashindwa. Mtoto alisubiri, mkono bado uko juu. Fundi alitazama ukutani.

Bi Taratibu aliinama juu ya karatasi, akahesabu siku kwa vidole mbele yao bila kuona haya, akaandika tarehe. Akaweka sahihi, akaweka muhuri, akaigeuza karatasi ili Bibi aisome. Bibi aliisogeza mbali na macho, kisha karibu. Ilikuwa siku ya thelathini kuanzia leo, ya mwisho inayoruhusiwa.

"Mjibu mtoto," alisema Bi Taratibu.